Kondoo, Kura na Majina ya Kukodi: Nyanda za Nanyuki Zilivyopata Wenyewe Wapya

Kati ya mwaka 1911 na 1913, kondoo kwa mamia ya maelfu waliswagwa kutoka Laikipia kwenda kusini ili nafasi ipatikane ya kufugia kondoo. Waliotolewa walikuwa kondoo wa Kimasai, wenye mkia wa mafuta na manyoya mafupi ambayo hakuna kiwanda cha Uingereza kilichoyataka. Waliowafuata, baada ya vita na ramani na mikopo, walikuwa na damu ya merino, na sufu yao ilifungwa kwa marobota, ikashuka Mombasa kwa reli, ikavuka bahari hadi London. Kati ya kutoka kwa hao na kuingia kwa hawa palikuwa na kazi kubwa ya makaratasi, na ndani ya makaratasi hayo kulikuwa na ujanja uliokuwa na misamiati yake. Anayenunua kiwanja Nanyuki leo huenda asiijue misamiati hiyo, lakini atautambua ujanja.

Tuanze na waliokuwapo. Jina lenyewe la Nanyuki ni la Kimaa, lenye asili katika neno la wekundu, na mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea Ewaso Nyiro ilikuwa imeshanywesha mifugo vizazi na vizazi kabla mzungu wa kwanza hajapiga hema pale. Mwezi Agosti 1904 viongozi wa Wamasai, Olonana akiwa mbele, waliwekeana mkataba na Kamishna Donald Stewart. Waliiachia serikali malisho ya Bonde la Ufa, kandokando ya reli, wakapewa hifadhi mbili: moja kusini, nyingine kaskazini huko Laikipia. Mkataba ulitamka kwamba utadumu maadamu Wamasai wapo duniani. Haukutimiza miaka saba. Tarehe 4 Aprili 1911 mkataba wa pili ulitiwa sahihi, na Wamasai wa Laikipia wakatakiwa kuhamia kusini. Olonana alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla, na maofisa wakaeneza kuwa wosia wake ulikuwa watu wake waitii serikali wahame. Wosia wa marehemu una faida hiyo: mwenyewe hayupo kuulizwa.

Legalishu, aliyewasemea Wamasai wa kaskazini, alipinga. Kesi ilisikilizwa mwaka 1913, ikajulikana kwa jina la Ole Njogo, na ikafika hadi Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Majaji waliamua kwamba Wamasai walikuwa taifa la kigeni lililofanya mkataba na Taji la Uingereza, kwa hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuuchunguza mkataba huo. Yaani Mmasai alikuwa raia wa chini alipotakiwa kuhama, akawa mgeni mwenye dola yake alipokwenda kushtaki. Katika historia nzima ya ardhi ya Kenya sijui hukumu iliyofunga mlango kwa adabu kuliko hiyo. Gavana Percy Girouard, aliyeusukuma uhamisho huo, alikuwa ameshajiuzulu mwaka 1912 baada ya London kushuku kwamba alikuwa amewaahidi masetla ardhi ya Laikipia wakati Wamasai bado wako juu yake.

Masetla hao walikuwa nani, na walikuwa wanapataje ardhi?

Mfano mkubwa ni Hugh Cholmondeley, Lord Delamere. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 Njoro kwa kodi ya miaka 99, akilipa pauni 200 kwa mwaka na kuahidi kuwekeza pauni 5,000 katika miaka mitano. Ukipiga hesabu, ekari moja ilimgharimu chini ya nusu peni kwa mwaka. Aliagiza kondoo dume wa Kiingereza na kuwapandisha kwa majike wa Kimasai, kisha wakaanza kukonda na kufa mikononi mwake. Majani ya Njoro yalikosa madini. Wamasai walikuwa hawalishi pale, na walikuwa na sababu, ila hakuna aliyewauliza. Delamere akahamishia kondoo Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na huko ndiko ufugaji wake uliposimama. Mkewe, Florence, alikuwa dada wa Galbraith na Berkeley Cole. Galbraith alifuga Keekopey, jirani na Soysambu. Berkeley alikuja upande wetu, akashika Solio karibu na Naro Moru, na mwaka 1910 alikuwa miongoni mwa walioanzisha hoteli ya White Rhino mjini Nyeri. Ukoo mmoja, mashamba matatu, na baa moja ya kujadilia bei.

Wadogo hawakupata mapokezi ya namna hiyo. Mwaka 1904 wageni wengi, hasa kutoka Afrika Kusini, walifika Nairobi wakidhani watapewa shamba kesho yake. Wapimaji ardhi walikuwa wachache na ramani hazikuwapo. Waliokwama walipiga mahema nje ya mji, na kambi yao ikabandikwa jina la utani Tentfontein, nusu Kiingereza nusu Kikaburu, kana kwamba ni mji rasmi kama Bloemfontein. Huku wao wakioza kwenye mahema, kampuni iitwayo East Africa Syndicate ilipewa maili za mraba 500 karibu na Naivasha. Kamishna Charles Eliot naye alijiuzulu mwaka huohuo wa 1904, kwa sababu London ilimkatalia kuwapa watu wawili kutoka Afrika Kusini maili za mraba 50 kila mmoja katika malisho ya Wamasai. Kwa kampuni kubwa sawa, kwa hao wawili hapana: Eliot aliona upendeleo, na kwa hilo tu nadhani alikuwa sahihi.

Hapa ndipo neno lenyewe linapoingia. Maofisa wa London hawakutaka nchi nzima ishikwe na watu kumi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 na kanuni zake ziliweka mipaka ya ukubwa na masharti ya kuendeleza: mtu akae, ajenge, alime au afuge. Masetla waliosoma mipaka hiyo hawakuhuzunika. Walimtafuta mtu. Angeweza kuwa karani, meneja wa shamba, shemeji, rafiki aliyepita njia akielekea kuwinda. Mtu huyo angeomba shamba kwa jina lake, angeweka sahihi, angelipa kwa fedha za mwingine, angepata hati. Kisha hati ingehamishwa, au ingewekwa rehani isiyokombolewa, na shamba lingeishia kwa yule aliyekuwa nyuma ya pazia. Kwa Kiingereza chao walimwita mtu huyo dami, kama sanamu ya dukani inayovaa suti isiyo yake. Kazi ya dami ilikuwa kuwa na jina, basi. Delamere mwenyewe hakuepuka tuhuma ya kuwatumia watu wa aina hiyo, na maofisa wa ardhi walilalamika kwenye barua zao kwa London mwaka baada ya mwaka.

Faida ilikuwa wazi. Ekari ya Bonde la Ufa iliyouzwa kwa peni sita mwaka 1908 ilifika shilingi 20 za Kiingereza mwaka 1914. Hiyo ni mara arobaini kwa miaka sita, na katika hiyo miaka sita si lazima mtu awe amefuga hata kondoo mmoja. Kwa wengi kondoo alikuwa sababu ya kuomba ardhi, kwa sababu mfugaji aliruhusiwa kudai eneo kubwa kuliko mkulima. Ekari mia kadhaa zinamtosha mwenye ngano. Mwenye kondoo atakuambia kila kondoo anahitaji ekari kadhaa, na ukimuuliza anao wangapi atakujibu idadi anayotarajia kuwa nayo.

Serikali ilijaribu kuziba tundu. Mwaka 1908 muswada mpya wa ardhi ulikuja na vifungu dhidi ya udami na ulanguzi, pamoja na wazo la kodi inayopanda kadiri mtu anavyojilimbikizia ekari. Masetla waliupinga kwa miaka saba. Ilipotoka hatimaye, Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ilikuwa imeng'olewa meno yaliyowaudhi, na juu yake ilikuwa na zawadi: badala ya miaka 99, kodi ya ardhi sasa ingekuwa ya miaka 999. Sheria hiyohiyo ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihamishwe kutoka mzungu kwenda kwa mtu wa asili nyingine. Mhindi alikuwa ameshafungiwa milima kwa ahadi ya Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, ya miaka michache nyuma. Mwafrika hakutajwa sana. Ilidhaniwa haitakuja siku ya yeye kununua.

Mchezo wa dami haukuzaliwa Kenya. Uliletwa pamoja na kondoo. Australia, katika koloni la New South Wales, sheria za John Robertson za mwaka 1861 ziliruhusu mtu wa kawaida kuchagua ekari 40 hadi 320 za ardhi ya Taji kwa pauni moja kwa ekari, alipe robo kwanza. Lengo lilikuwa kuwavunja nguvu wenye makundi makubwa ya kondoo waliokuwa wameikalia nchi bila hati. Wao wakajibu kwa madami, wakiwaomba watumishi na jamaa zao wachague kwa niaba yao. Wakaongeza ujanja wa pili, wakaupa jina la tausi: unachagua vipande vidogo vya kingo za mto na visima tu, kama anayeng'oa macho kwenye mkia wa tausi, na nchi yote iliyobaki katikati, isiyo na maji, haitakuwa na faida kwa mwingine yeyote. Unalipia ekari mia chache na kutawala elfu nyingi.

Sina haja ya kudai kuwa masetla wa Nanyuki walilitumia jina la tausi. Tazama ramani yao. Mashamba ya Laikipia na ya miteremko ya Mlima Kenya yanafuata mito: Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii, Timau. Anayejua nyanda hizi anaelewa kwamba hapa ekari ni kitu cha pili. Mlima unashusha maji, uwanda ulio chini yake hupata mvua kidogo, na mwenye ukingo wa mto ndiye mwenye malisho ya jirani yake ukame ukija. Ugomvi wa maji unaowasumbua wakulima na wafugaji wa Ewaso Nyiro leo, kila kiangazi mto unapokauka chini kwa kunywewa juu, ulichorwa na wapimaji wa wakati ule.

Kuna tofauti moja kati ya Australia na Kenya ambayo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kule, skwota alikuwa bwana mkubwa mwenye kondoo maelfu, aliyejichukulia nchi na baadaye akawa mheshimiwa bungeni. Huku, neno lilelile lilimwangukia Mkikuyu aliyekuja na mke, watoto na mbuzi wake kuishi kwenye shamba la mzungu na kumfanyia kazi. Aliyechukua nchi Kenya aliitwa setla. Aliyenyang'anywa ndiye aliyeitwa skwota, kana kwamba yeye ndiye aliyevamia.

Sasa twende kwenye kura. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, serikali ilitangaza mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Kizungu waliotumikia Ufalme. Mashamba 1,310 yalitengwa, zaidi ya ekari milioni mbili kwa jumla. Mashamba 257 yalikuwa madogo, yasiyozidi ekari 160, na yalitolewa bure. Mengine 1,053 yalikuwa makubwa na yalilipiwa kwa awamu za miaka mingi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa Laikipia na pande za Nanyuki, ileile waliyohamishwa Wamasai miaka sita nyuma. Waombaji walizidi 2,000. Katikati ya mwaka 1919 walijazana ukumbi wa Theatre Royal mjini Nairobi, ambako majina yalizungushwa kwenye mapipa na kuchomolewa. Aliyetoka wa kwanza alichagua kwanza, na kadhalika hadi wa mwisho aliyebaki na mawe. Ukumbi wa maigizo ulikuwa mahali panapofaa, nadhani.

Katika ukumbi huo hapakuwa na kura ya hata mtu mmoja aliyebeba mizigo ya jeshi. Wapagazi wa Kenya, wale wa Kariakor, walikufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni ya kumkimbiza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, wengi kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Waliorudi Nyeri na Murang'a walikutana na kipande, kitambulisho cha kuvaa shingoni kilichoanza kutumika kwa nguvu mwaka huohuo wa 1919.

Miongoni mwa walionufaika kwa mpango wa wanajeshi alikuwa Will Powys, ndugu wa waandishi John Cowper, Theodore na Llewelyn Powys wa Uingereza. Alikuja Kenya mwaka 1914, akajifunza kondoo kwenye mashamba ya kina Cole na Delamere, akaenda vitani, kisha akatua miteremko ya Timau. Shamba la Kisima lilitokana na yeye. Powys alikuwa mfugaji kwelikweli, na ni haki kusema walikuwapo wa aina yake: watu waliolala mazizini wakati wa kuzaa, waliojua upele, kupe na minyoo. Nchi yenyewe haikuwahurumia. Ugonjwa wa kondoo unaobeba jina la Nairobi, unaoenezwa na kupe, uliifagia mifugo tangu miaka ya 1910. Na mwaka 1930, kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, vifo vya wanakondoo na kuharibika kwa mimba za majike viliwaongoza watafiti kugundua homa ya Bonde la Ufa, ambayo leo inajulikana hadi Misri na Saudi Arabia.

Lakini wengi walioshinda kura hawakuwa Powys. Walikuwa maofisa waliojua farasi na bunduki, wenye mtaji mdogo na deni kubwa. Mwaka 1920 serikali ikabadili fedha: rupia iliyokuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne ikapandishwa hadi shilingi mbili. Aliyekopa rupia elfu moja akaamka anadaiwa nusu zaidi kwa hesabu ya pauni, na bei ya mazao ikaanguka wakati huohuo. Ndipo ununuzi halisi ulipoanza, ule usio na kura wala gavana. Mwenye fedha alisubiri tu kwenye baraza la klabu hadi jirani aje kuuza. Mashamba ya wanajeshi yaliunganishwa mawili, matatu, matano, na reli ilipofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930 wengi wa wale wa Theatre Royal walikuwa wameshatoweka.

Wenye ekari nyingi kuliko fedha walipata njia nyingine, nayo ilikuwa na jina baya lililoletwa kutoka Afrika Kusini: kilimo cha makafiri, kama Makaburu walivyowaita Waafrika. Mzungu alikaa Nairobi au London, shamba likajaa familia za Kikuyu zenye mifugo yao, naye akapokea kodi kwa fedha, maziwa au kondoo. Wenzake walimdharau, lakini dharau yao haikutokana na huruma. Mwafrika anayelipa kodi ni mpangaji, na mpangaji ana wakati wake mwenyewe. Wao walitaka vibarua. Sheria ya 1918 ikapiga marufuku kodi ya fedha na kumtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1925 ikambana zaidi, na ya 1937 ikawapa masetla uwezo wa kudai siku 270 na kuamua wenyewe skwota awe na mifugo mingapi.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1920, kilikuja kile ambacho maskwota wenyewe walikiita kifagio. Mwanahistoria Tabitha Kanogo amekiandika vizuri katika kitabu chake kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, kwa kuwasikiliza wazee waliofagiliwa. Setla aliagiza mbuzi na kondoo wa skwota waondolewe au wauzwe kwa bei ya kutupa, ng'ombe wapunguzwe, na hoja iliyotolewa ilikuwa maradhi: mifugo ya Mwafrika ingeambukiza ile ya damu ya kigeni. Maradhi yalikuwapo, hilo halina ubishi. Ila skwota mwenye kondoo mia mbili alikuwa tajiri kuliko kibarua yeyote, pengine tajiri kuliko setla mwenye deni, na tajiri haamki saa kumi na moja asubuhi kukata sufu ya mtu kwa shilingi chache kwa mwezi. Waingereza walikuwa na maneno yao ya kistaarabu kwa jambo hilo. Neno la maskwota ndilo lililobaki kwenye kumbukumbu, kwa sababu lilisema kilichotokea.

Na huku kote lugha ya amri ilikuwa Kiswahili cha aina yake, kile kilichoitwa Kisetla. Hakikuwa na ngeli, hakikuwa na tafadhali, na kitenzi chake kilichonawiri kilikuwa cha kuagiza. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha kukifundisha, Up-Country Swahili, kwa ajili ya askari, masetla, wachimba migodi na wafanyabiashara. Wazee wa Nyeri waliofanya kazi mashambani wanaweza kukuigizia lahaja hiyo hadi leo, na wakifanya hivyo chumba kizima hucheka. Nao Waafrika waliwapa mabwana hao majina yao; Ewart Grogan, mlimbikizaji wa ardhi na misitu, aliitwa Bwana Chui.

Tume ya Ardhi ya Morris Carter ilikaa kuanzia 1932 hadi 1934, ikasikiliza madai ya Wakikuyu na wengine, ikatoa fidia kidogo, kisha ikapendekeza mpaka wa kudumu wa milima ya wazungu, uliotiwa muhuri mwaka 1939. Masetla wa Laikipia walitaka pia uwanda wa Leroghi wa Wasamburu, na kifo cha kijana mmoja wa ukoo wa Powys mwaka 1931 kilitumiwa kuchochea dai hilo, lakini Wasamburu walibaki. Vita vya pili vilileta wimbi lingine la wanajeshi wa Kizungu wenye mikopo ya serikali. Miaka michache baadaye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilijaa watoto wa wale waliofagiliwa. Habari ya Mau Mau imeandikwa mahali pengi, sitairudia.

Kinachonivutia ni kilichofuata uhuru, kwa sababu wengi hudhani ujanja uliondoka na masetla. Tangu 1962 mpango wa ekari milioni moja ulinunua mashamba kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia na kuyakata. Kisha zikaja kampuni za kununua ardhi. Watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walichanga hisa, wakachagua wakurugenzi, wakanunua ranchi za kondoo na ng'ombe Laikipia, na siku ya kugawa ilipofika wakapiga kura: karatasi yenye namba kwenye kofia au debe, kila mwenye hisa anachomoa yake. Theatre Royal ilikuwa imerudi uwanjani, safari hii bila ubaguzi wa rangi. Dami naye akarudi. Mkurugenzi aliyeruhusiwa hisa chache alikuwa na shangazi, mpwa, mtoto mchanga na marehemu, wote wenye hisa. Wajane waliochanga fedha za kahawa walifika siku ya kura wakaambiwa majina yao hayapo kwenye daftari. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, serikali ya Rais Moi iliagiza kampuni hizo zimalize kugawa ardhi na kuvunjwa, na nyingi hazikumaliza.

Hata aliyepata kipande chake kwa haki alikutana na hesabu ya tausi. Ekari mbili au tatu kwenye uwanda mkavu wa Laikipia, mbali na mto, haziwezi kulisha familia. Maelfu ya vipande hivyo havikukaliwa kamwe. Wenyewe wako Nyeri na Nairobi na hati kwenye sanduku, na wafugaji wa Kisamburu, Kimasai na Kipokoti hulisha juu yake kwa kuwa hakuna ua wala mtu. Ranchi ambazo hazikukatwa ndizo zenye mito, na nyingi sasa zinafuga faru na watalii: Ol Pejeta, Lewa, Borana, Solio. Hata hivyo, kutoka Solio serikali ilichukua kwa kununua takriban ekari 15,000 na kuwapa makazi watu wasio na ardhi, wengi wao wakiwa wamefukuzwa misituni miaka ya nyuma.

Mjini Nanyuki penyewe biashara ni ya futi 50 kwa 100. Madalali huwapeleka wanunuzi kuona viwanja kwa basi la bure, mlima ukionekana vizuri kabla ya saa nne, na kila mmoja atakuambia hati iko tayari. Uliza hati mama, yaani ya shamba zima kabla halijakatwa, iko kwa jina la nani. Uliza maji yanatoka mto gani na kibali ni cha nani. Ukijibiwa kwamba hayo yatashughulikiwa baada ya malipo ya kwanza, rudisha fedha zako mfukoni, kisha lipia upekuzi katika masjala ya ardhi mwenyewe, usimtume dalali.

Mwaka 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Olonana, Wamasai waliandamana na kuingiza mifugo kwenye ranchi za Laikipia, wakisema muda wa kodi umekwisha na nchi irudi. Waziri wa Ardhi, Amos Kimunya, aliwajibu kwamba kodi za ranchi hizo zilikuwa za miaka 999, si 99. Polisi waliwatawanya. Miaka sita baadaye Katiba mpya ilipunguza kila umiliki wa asiye raia uliozidi miaka 99 hadi miaka 99, ikihesabiwa tangu katiba ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010. Kwa hiyo hati za miaka 999 zilizo mikononi mwa wageni huko Laikipia zimerudishwa kwenye kipimo kilekile alichopewa Delamere mwaka 1903, nazo zitakwisha mwaka 2109.